Ukiifuata Timu Yako Ugenini, Ongeza Siku Moja



Zamani shabiki wa Mbagala au Tandale aliifuata timu yake hadi Morogoro, na akizidi sana, hadi Mwanza. Siku hizi mambo yamebadilika. Simba na Yanga zinapocheza michuano ya Afrika, wapo waumini wetu wanaopanda ndege kwenda Cairo, Tunis, Algiers au Casablanca. Mwaka 2019 Taifa Stars walirudi kwenye fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, na mechi zao zote tatu walizicheza Cairo. Fainali za Morocco zilianza Desemba 21, 2025, kwa hiyo aliyewafuata Stars kule alikula Krismasi ugenini.

Siandiki kukukataza. Mtume Paulo alitumia mbio za uwanjani kuwafundisha Wakorintho (1 Kor 9:24), na Yesu mwenyewe aliwaita mitume wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo (Mk 6:31). Ninachouliza ni hiki: mechi ni dakika 90, lakini safari ni siku nne au tano. Siku hizo nyingine unazifanyia nini? Wengi hubaki hotelini na simu, wengine huzunguka madukani. Na wengine, tuseme ukweli, hufanya mambo ambayo wasingethubutu kuyafanya mtaani kwao, ambako mjumbe na mwenyekiti wa jumuiya wanawafahamu.

Ushauri wangu ni huu: ongeza siku moja. Miji ile ya kaskazini ambayo wewe unaijua kwa majina ya timu zake, Kanisa linaijua kwa majina ya watakatifu wake.

Tuanze na Cairo. Panda treni ya mjini, ushuke kituo cha Mar Girgis, yaani Mtakatifu George. Hapo uko Cairo ya kale. Kuna kanisa la Wakopti liitwalo Abu Serga, na chini yake kuna chumba kidogo ambamo mapokeo yanasema Yosefu, Maria na Mtoto Yesu walikaa walipomkimbia Herode (Mt 2:13-15). Simama pale dakika chache. Mwana wa Mungu alipotafuta hifadhi, ardhi iliyompokea ilikuwa ya Afrika. Alikuwa mgeni, mtoto wa wakimbizi, kwenye nyumba za watu. Ukirudi Tandika ukakuta familia ngeni imehamia chumba cha uani na kodi ya mwezi huu haijatimia, nadhani utaitazama kwa jicho jingine.

Twende Tunis, ambako Yanga waliifunga Club Africain bao 1-0 mwezi Novemba 2022. Kutoka katikati ya jiji kuna treni ya kwenda Carthage, na safari yake ni fupi. Huko utaona magofu ya uwanja wa Warumi. Machi 7, mwaka 203, waliuawa Carthage Perpetua, mama kijana mwenye mtoto anayenyonya, na Felista, mtumwa aliyekuwa amejifungua siku chache tu kabla. Majina yao unayasikia padre anapotumia Sala ya Kwanza ya Ekaristi.

Shabiki mwenzangu, pale ndipo nataka ukae chini ya kivuli ufikiri. Uwanja ule ulijaa watu. Walikuwa baba wa familia, wafanyabiashara, vijana, watu wa kawaida kama mimi na wewe. Walikuja kustarehe, na starehe yao ilikuwa damu ya mtu. Yawezekana hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka nyumbani akijiona muuaji. Kelele za wengi ziliwabeba.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa nchi zile zile, ameeleza jambo hili katika kitabu cha sita cha Maungamo yake. Rafiki yake Alipio alikuwa Roma kwa masomo ya sheria. Wenzake wakamburuta kwenda kutazama watu wakipigana hadi kufa. Yeye akakubali kukaa, ila akafumba macho kwa kujiamini. Mara umati ukapiga yowe. Alipio akafumbua macho kidogo tu aone kuna nini, na kuanzia hapo akawa wao. Akashangilia, akarudi tena, akawavuta na wengine. Baadaye Mungu alimtoa humo, akawa askofu.

Mpira si mauaji, nalijua hilo. Lakini yowe la umati bado lina nguvu ile ile. Mtu mpole kanisani anamtukana mwamuzi matusi ya nguoni mwanawe akiwa pembeni. Mwingine timu yake ikifungwa kwenye kibanda umiza, anayelipia kipigo hicho ni mke wake nyumbani. Wapo wanawake Temeke na Kinondoni wanaoiombea ushindi timu wasiyoipenda, ili usiku upite salama. Kama hilo linatokea ndani ya nyumba yako, safari yako ya kwanza isiwe ya kwenda Tunis. Iwe ya kwenda kwenye kitubio, kisha kwa mkeo kumwomba msamaha, na kuacha kabisa.

Mji wa tatu ni Algiers. Jumamosi ya Juni 3, 2023, Yanga walishinda 1-0 kule dhidi ya USM Alger, lakini wakakosa Kombe la Shirikisho kwa mabao ya ugenini. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Utatu Mtakatifu. Juu ya kilima kinachotazama bahari kuna Basilika la Bibi Yetu wa Afrika. Ukutani, juu ya altare, yameandikwa kwa Kifaransa maneno ya kumwomba Mama huyo atuombee sisi pamoja na Waislamu. Sisi tunaokaa uani mmoja na Waislamu, tukila futari yao nao wakila pilau yetu ya Krismasi, sala hiyo tunaielewa bila mkalimani.

Tena ni katika mji huo ambapo Kardinali Lavigerie alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza wa huku kwetu ulipita Bagamoyo mwaka 1878 kuelekea Tabora na maziwa makuu. Kama asili yako ni Bukoba, Mwanza, Tabora au Karema, basi huenda babu yako alibatizwa na padre wa shirika lililozaliwa Algiers. Mwenye siku ya ziada aende Annaba, ndiyo Hippo ya kale, alikokuwa askofu Augustino, baba wa kiroho wa shirika alilotoka Papa wetu Leo XIV.

Jambo dogo la kukumbuka: Cairo na Algiers siku ya mapumziko ni Ijumaa, na Jumapili watu wako kazini. Ulizia saa za Misa kabla hujaondoka, na ubebe nguo ya heshima pamoja na jezi.

Lakini kabla ya tiketi, kaa chini uhesabu gharama, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili (Lk 14:28). Kama nauli inatoka kwenye ada ya mtoto, kwenye fedha ya kikoba ambayo si yako peke yako, au kwenye mkopo wa kausha damu, usiende. Timu itacheza bila wewe. Mtoto hawezi kusoma bila ada.

Na usidhani umekosa baraka. Kutoka Tegeta au Bunju kuna mabasi ya Bagamoyo, na unarudi jioni. Misioni ile ilianzishwa mwaka 1868, na ndiko walikopita wale waliotoka Algiers. Mchukue mke, mchukue mume, beba watoto na maji ya kunywa. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa mwenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika. Mgeni wa Senegal au Misri atakuuliza siku isiyo na mechi akatembee wapi. Itakuwa aibu kama wewe mwenyewe hujawahi kufika.

Jumapili njema.