Tuambieni Jina Lake!

Naishi Mowlem, mtaa ambao mtu akipiga chafya ghorofa ya nne, aliye ghorofa ya chini humwambia "pole". Kwetu siri ni adimu kuliko maji ya mfereji. Ndiyo maana nimeona heri nieleze jambo lililotutatiza sana sisi wa kidato cha tatu: je, umma una haki ya kujua nani anaugua nini?

Muhula uliopita maafisa wa afya walifika darasani wakatuambia kwamba mmoja wetu amepatikana na kifua kikuu. Waliuliza nani amekohoa zaidi ya majuma mawili, nani hutokwa jasho usiku, nani amekonda. Wenye dalili wakapewa vikopo vya kutemea makohozi yakapimwe. Jina hawakulitaja. Lo! Darasa lilichafuka. Katika mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama akafoka, "Tuambieni jina lake! Watoto wetu wakifa mtalipa?" Akapigiwa makofi, na nakiri kwamba mimi nilikuwa dirishani nikishangilia.

Afisa hakukasirika. Alimuuliza yule mzazi, "Ukishalijua jina, utafanya nini?" Kisha akaeleza. Kifua kikuu huenea kwa hewa, kwa hivyo waliokaa chumba kimoja na mgonjwa watakaguliwa wote, wajue jina wasijue. Tena mgonjwa akimeza dawa sawasawa, kwa kawaida baada ya kama majuma mawili huwa haambukizi, ingawa matibabu yenyewe huchukua miezi sita au zaidi. "Mnayemtafuta mumkwepe ndiye anayetibiwa," alisema. "Wa kuogopwa ni yule ambaye hajapimwa. Huyo naye akiona mnavyomwinda mwenzake, kliniki hatakuja ng'o!"

Msidhani basi kwamba siri ya daktari haifunguki kamwe. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifua kikuu ni miongoni mwa magonjwa ambayo daktari hana budi kuyaripoti. Habari hutoka chumbani mwake, lakini huenda kwa mtu mwenye kazi nayo, si kwa muuza mandazi. Katiba yetu ya 2010 nayo inavuta huku na huku. Kifungu cha 31 kinamlinda mtu asianikiwe mambo ya faragha bila sababu ya lazima. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Yule baba aliyefoka, kwa hivyo, hakuwa mjinga. Alikuwa ameshika nusu ya sheria.

Mvutano huu ulishafika mahakamani, tena ulihusu watoto wa shule kama sisi. Mnamo Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na walezi wao, na pia za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia ilikuwa kupanga huduma, na kupanga bila hesabu ni kupiga mbizi gizani. Taabu ilikuwa majina. Fikiria karatasi yenye jina lako na hali yako ikitoka kwa mwalimu, ikapita kwa karani, ikafika kwa kamishna!

Shirika la KELIN, kituo cha watoto cha Nyumbani na wenzao wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilikiuka kifungu cha 31, na pia kifungu cha 53 kinachotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Aliamuru kwamba katika siku 45 majina yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa alama za siri, mtu asiweze kuunganisha jina na hali ya mwenyewe. Hesabu ibaki, jina lifichwe. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Lakini hata hapo pana shimo. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, kumbukumbu za matibabu za wafanyakazi wa serikali ziliwahi kutolewa kwa watafiti baada ya kufutwa majina. Zikabaki tarehe za kuzaliwa, jinsia na nambari za posta za mitaa. Mnamo 1997 mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, alinunua daftari la wapiga kura kwa dola 20, akalinganisha, akatoa kumbukumbu za gavana mwenyewe, William Weld! Kumbe jina si lazima liandikwe ndipo lijulikane. Penye watu wachache, hesabu yenyewe hutaja jina.

Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, bila daftari wala dola. Tuliambiwa "mmoja wa darasa hili", tukahesabu viti vitupu. Kimoja kilikuwa na majuma mawili bila mwenyewe. "Si ni huyo wa pale nyuma? Nilijua tu!" Jioni hiyo dawati lake lilisukumwa hadi kona ya mwisho, na mimi nilishika upande mmoja.

Mwenyewe alikuwa mashambani akimzika babu yake. Aliporudi aliuliza nani amelisongesha dawati lake, tukatazama vitabu vyetu. Juma hilo hilo aliitwa na maafisa akaguliwe kama sisi wengine, kwa kuwa siku ile hakuwapo. Hapo ndipo tuling'amua kwamba siye. Aliyekuwa mgonjwa hadi leo simjui, na huenda alitusaidia kulisukuma lile dawati.

Tulilirudisha mahali pake, ila mwenyewe aliomba kuhamia mkondo mwingine. Makala haya nilimpelekea ayasome kabla ya kuyakabidhi kwa mhariri. Aliyasoma mara mbili, akaniambia nifute mistari miwili. Nimeifuta.