Mipaka ya Kazi Machimboni Saza
Huko Saza, mkoani Songwe, ambako dhahabu ya Lupa imewaita watu tangu zama za Waingereza, wako wachimbaji ambao, kwa kutaka riziki na kwa khofu ya kuikosa, hawaujui mwisho wa siku yao, nami nawahurumia kwa dhati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemwekea mwajiriwa haddi ya saa 45 za kawaida kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hiyo ni haki yake, wala si hisani ya tajiri. Taabu ni ya yule alipwaye kwa mgao wa mawe, asiye na mkataba: yampasa kuafikiana na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kabla hajashuka, zamu itakoma saa ngapi, kwani aliyechoka haioni nguzo iliyolegea.