Tabaka za udongo, maji yaliyojificha na mizigo yetu: kwa nini mlima unateremka



Mvua ya mwezi wa 9 inakaribia, na kila fasi tunapopita ulizo ni lile lile: "Huu mulima wetu utabakia fasi yake?" Si ulizo la bure. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, mvua kali ilileta mafuriko na maporomoko kule Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi wetu tulipoteza ndugu, shamba ao nyumba.

Katika toleo hili tunaeleza namna mafundi wa udongo wanavyopima kama mlima utasimama ao utateleza. Pia tunarekebisha jambo moja ambalo sisi wenyewe tulilifundisha bila kulieleza vizuri.

Mlima si kitu kimoja

Mtu aliyechimba choo kwenye mteremko anajua. Kwanza unakuta udongo mweusi, mlaini, wenye mizizi. Chini yake kuna udongo mwekundu, mzito, unaonata kwenye jembe. Halafu jiwe lililooza, linalovunjika kwa mkono. Mwisho, jiwe gumu. Milima mingi ya kwetu, kuanzia Bukavu kupanda Kalehe, udongo wake ni jiwe la volkano ya zamani lililooza miaka mingi sana. Ndiyo maana ni mrefu kwenda chini.

Hizi tabaka hazinywi maji sawasawa. Ya juu inakunywa mbio. Ya mfinyanzi inakunywa pole pole, kwa hiyo maji yanafika pale na kukaa. Ukiona chemchemi ndogo inatoka katikati ya mteremko, mara nyingi ni pale tabaka mbili zinapokutana. Na ni pale pale udongo unapenda kuteleza.

Mizani ya nguvu mbili

Kila saa kuna nguvu mbili zinazoshindana ndani ya mlima. Moja inavuta chini: ni uzito wa udongo wenyewe. Nyingine inashika: ni udongo kunatana na kusuguana na tabaka ya chini. Fundi anagawa nguvu inayoshika kwa nguvu inayovuta. Akipata zaidi ya 1, mlima unasimama. Akipata chini ya 1, unaenda. Kwa kazi ya kudumu, kama barabara ao jengo, mafundi wanapenda kupata karibu 1,5, juu hakuna mtu anayejua udongo wote wa chini.

Tulifanya hesabu moja ya mfano. Udongo wa mita 2 umelala juu ya tabaka ngumu. Mteremko unashuka sentimita 47 kwa kila mita 1 ya kwenda mbele. Milima kama hiyo tunalima kila siku. Majibu ni haya:

- Udongo mkavu: karibu 1,5. Mlima umetulia.
- Maji yamejaa nusu ya tabaka: karibu 1,1. Umesimama, lakini kidogo tu.
- Maji yamejaa mpaka juu: 0,8. Mlima umeenda.

Mteremko haukubadilika. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni maji tu. Kila udongo una hesabu yake, lakini njia ya kushuka ni hiyo hiyo.

Kwa nini maji yana nguvu hivyo? Wengi wanasema ni uzito, na ni kweli kidogo: mvua ya milimita 10 kwenye hekta 1 ni tani 100 za maji. Lakini kuna kingine kinachozidi. Ukiingiza bidoni iliyojaa ndani ya mto, inakuwa nyepesi, sababu maji yanaibeba. Ndani ya mlima ni vile vile: maji yanabeba udongo, udongo haukandamizi tena tabaka ya chini, na msuguano unapotea. Ndiyo maana mlima unaweza kuanguka hata mvua ikiwa imekatika, kwa sababu maji ya chini yangali yanapanda.

Namna ordinatere inavyofanya

Mwaka 1916, gati moja la bandari ya Göteborg, kule Sweden, liliteleza ndani ya maji. Mafundi wa kule wakaanza kuchora mlima kwenye karatasi na kuukata vipande vipande, kama mkate. Kila kipande wanakipa tabaka zake, maji yake na mzigo ulio juu yake. Wanajumlisha nguvu za vipande vyote. Halafu wanajaribu mstari mwingine wa kuteleza, na mwingine, mpaka wapate ule ulio dhaifu kuliko yote. Leo ordinatere inajaribu maelfu ya mistari mbio sana. Lakini ukiidanganya kuhusu tabaka ao maji, nayo itakudanganya. Na habari ya tabaka na maji, ninyi wenye kulima pale ndio muko nayo.

Mzigo: ulizo ni unaweka wapi

Koperative moja ya kahawa ilitaka kujenga depo na mabwawa ya kuoshea kahawa juu kabisa ya mteremko, karibu na barabara. Tuliwaonyesha hivi: mzigo ulio kichwani mwa mteremko unasukuma chini, lakini mzigo ulio mguuni unasaidia kuzuia, kama jiwe mbele ya gurudumu la gari. Kwa hiyo kujenga juu na kukata udongo wa chini ili kupata kiwanja ni kukosa mara mbili. Na bwawa linalovuja ni baya kuliko depo: linaleta uzito na maji pamoja. Waliuliza, "Basi tukae bila depo?" Hapana. Walihamisha mpango mpaka kwenye mgongo wa kilima ulio sawa, mbali na ukingo. Wanabeba kahawa dakika nyingi zaidi, na hawakufurahi siku ile. Tunawaelewa.

Mitaro: tuseme ukweli

Miaka mingi tulifundisha kuchimba mitaro ya kushika maji ili mvua isibebe udongo wa juu. Kazi ile ni nzuri, na kwenye milima mingi muendelee. Lakini mtaro unaoshika maji unayateremsha ndani. Kwenye mteremko mkali wenye mfinyanzi chini na alama za kuteleza, unaweza kuongeza maji kwenye ile tabaka mbaya. Mama moja alituuliza: "Ile mitaro mulitufundisha, sasa ni mibaya?" Jibu letu: inategemea mlima. Pale penye alama, mtaro usishike maji, uyapeleke. Uchimbwe juu ya sehemu mbaya, ushuke kidogo, sentimita 1 kwa kila mita 1, mpaka kwenye njia ya maji iliyopangwa mawe ao majani.

Miti inasaidia pale mizizi inapovuka tabaka inayoteleza. Migomba mizizi yake ni mifupi; haishiki udongo ulio chini sana.

Alama za kuangalia

- Ufa mpya juu ya mteremko, wenye umbo la upinde.
- Miti iliyoinama, ao shina lililopinda chini.
- Chemchemi mpya, ao ya zamani inayotoa maji machafu.
- Mlango uliokuwa unafunga vizuri, sasa unakwama.
- Udongo unaovimba chini ya mteremko.

Ukiona ufa, piga vijiti viwili, kimoja kila upande, na pima kwa kamba kila juma. Andika tarehe na sentimita. Ziba ufa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yasiingie. Kama vijiti vinaachana mbio, ao mvua ni kali na ufa unafunguka, musingoje kikao: tokeni, muende pembeni, si kwenye bonde ya mto, na mujulishe shefu wa kijiji.

Mbele ya mvua kuanza, tunaomba kila koperative ifanye salongo moja: kupanda mpaka juu ya mashamba, kutembea pale pote, na kuandika alama zote kwenye daftari. Mutuletee daftari hilo tukipita. Tutakaa pamoja tuchore tabaka, maji na mizigo ya mlima wenu.

Tunawatakia mvua njema na mavuno mema.