Mwanamke Mwenye Jina Letu kati ya Nyota

Mtoto wa Rughenda hashangai kuona ndege. Kiwanja cha ndege cha Butembo ki papo hapo, naye akisikia mngurumo huinua macho kidogo tu, kisha huendelea na mchezo wake. Lakini mwambieni habari ya chombo chenye watu 430 ndani yake, kiendacho kutoka nyota hii hata nyota ile, naye atawafuata jikoni na shambani apate kusikia mwisho. Hadithi ya namna hiyo twataka kuwaeleza leo wazazi na vijana wa Butembo na Beni, maana ndani yake yumo mwanamke mweusi aliyepewa jina kutoka katika lugha yetu, na kwa ajili yake watu wa Marekani waliandika barua nyingi sana.

Hadithi yenyewe ni mchezo wa televisheni uitwao Star Trek. Ulianza kuonyeshwa huko Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ukakoma mwezi wa Juni 1969, baada ya vipindi 79. Mambo yake yote ni ya kubuniwa, nayo yamewekwa katika karne zijazo. Mwanamke tunayemtaja ni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo kile, na aliyeicheza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols. Yeye mwenyewe alisimulia ya kuwa siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark juu ya Kenya, iitwayo Uhuru. Neno hilo likampendeza Gene Roddenberry, mtungaji wa mchezo. Ikabadilishwa herufi ya mwisho tu ili jina lisikike laini. Hapa kwetu neno hilo halihitaji mkalimani. Wazee walioiona tarehe 30 Juni 1960 wanaujua uzito wake.

Tena Uhura alisema Kiswahili mbele ya watazamaji, na hayo yalitokea tangu kipindi kile cha kwanza. Mwaka 1967 kikaja kipindi ambamo mtambo mwovu unamfuta kumbukumbu zake zote. Hata anapofundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza, akikasirika, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Tukisema kweli, mtu wa Butembo itampasa kusikiliza mara mbili kabla ya kuyafahamu. Hata hivyo twafurahi. Mtungaji aliona ya kuwa mtu akinyang'anywa yote, lugha ya kwao ndiyo inayobaki mwishoni.

Basi, watu walimpokeaje mwanamke huyu? Jambo hilo Nichols mwenyewe hakulijua kwa muda mrefu. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, alieleza ya kuwa barua za watazamaji wake zilikuwa zikizuiliwa pale pale zilipopokelewa, hata siku moja mfanyakazi mmoja akamfunulia siri hiyo. Maneno yake katika mchezo nayo yalikuwa yakipunguzwa mara kwa mara. Mwisho wa mwaka wa kwanza akaazimia kuacha kazi na kurudia uimbaji wake. Ndipo, katika karamu moja ya watu waliopigania haki za weusi, akaambiwa ya kuwa yuko mtazamaji mmoja mwenye hamu ya kumsalimu. Akageuka, akamwona Mchungaji Martin Luther King.

Hapo ndipo twawaomba akina baba wasome polepole. Bwana King hakumwambia habari za siasa kwanza. Alimweleza ya kuwa ule ndio mchezo wa pekee ambao yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wadogo kukesha ili kuutazama. Mtu aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko wengi wetu, mwenye adui kila upande, alijua wanawe wanatazama nini! Wangapi kati yetu twajua watoto wetu wanatazama nini katika simu usiku? Kisha King akamkataza asiondoke, kwa kuwa mahali pake pale palikuwa na maana kubwa kwa watu waliozoea kuwaona weusi wakichezeshwa kama watumishi tu. Nichols akabaki.

Tarehe 22 Novemba 1968, siku ya Ijumaa, saa nne ya usiku, kikaonyeshwa kipindi kilichoandikiwa barua kuliko vyote, kama Nichols alivyosimulia. Jina lake ni Plato's Stepchildren. Tuna neno la kuwaonya wazazi: si kipindi cha watoto wadogo. Nahodha Kirk na wenzake wanafika kwa watu wachache wanaojigamba kuwa wafuasi wa hekima ya Wagiriki wa kale. Watu hao wana nguvu ya ajabu: kwa mawazo yao tu wanaweza kuusukuma mwili wa mtu mwingine apendavyo yeyote kati yao. Wanamfanya nahodha ajipige makofi usoni na kutambaa kama farasi. Wanamlazimisha Spock, mtu asiyeonyesha huzuni wala furaha, acheke na kulia mbele ya watu. Mwishowe wanawaleta Uhura na muuguzi wa chombo, wanawavika mavazi ya Kigiriki, na wanawachezesha wote wanne kama vile mtoto achezeavyo sanamu za udongo. Hapo ndipo Uhura na Kirk wanapolazimishwa kubusiana. Kabla ya hapo Uhura anakiri ya kuwa anaogopa. Lakini anasema pia ya kuwa mara nyingi alipoogopa chomboni, alimtazama nahodha wake, na hofu ikamtoka.

Wakubwa wa shirika la televisheni la NBC nao waliogopa. Mwafrika na Mzungu kubusiana mbele ya macho ya Marekani yote! Kumbukeni ya kuwa mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu tarehe 12 Juni 1967, mahakama kuu ya nchi hiyo ilipozifuta sheria za majimbo 16 zilizokataza ndoa za weupe na weusi. Na King mwenyewe alikuwa ameuawa mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule. Walihofu vituo vya kusini vitakikataa kipindi. Wakataka sehemu hiyo ipigwe picha mara mbili, mara moja kwa busu na mara nyingine pasipo busu, ili waweze kuchagua. Nichols alisimulia jinsi William Shatner, aliyekuwa nahodha, alivyoziharibu kusudi picha zile zisizo na busu, kwa kuyakodoa macho yake vibaya mbele ya kamera. Wakakosa la kuchagua.

Watu wengi husema hilo lilikuwa busu la kwanza la namna hiyo katika televisheni. Sivyo, Uingereza lilikuwa limekwisha kuonekana miaka kadhaa kabla. Lakini twauliza habari za watazamaji. Walifanya nini? Waliandika. Barua zikafurika, na kwa ushuhuda wa Nichols karibu zote zilikuwa za kusifu. Wasichana walimwandikia kumwuliza ilikuwaje kumbusu nahodha. Wanaume wengi wakamwandikia nahodha kumwuliza ilikuwaje kumbusu Uhura. Moja tu aliyoikumbuka ilikuwa na kinyongo kidogo: mtu wa kusini alieleza ya kuwa anapinga kabisa kuchanganyika kwa mataifa, lakini akaungama ya kuwa kijana wa kweli, akipewa mwanamke mzuri kama Uhura mikononi mwake, hawezi kukataa. Tulicheka tulipoisoma habari hiyo. Hata hivyo wakubwa walikuwa wamewapima watu wao kwa kipimo cha hofu, nao watu wakaonekana kuwa wema kuliko walivyodhaniwa.

Uingereza mambo yalikuwa mengine. Shirika la BBC lilikizuia kipindi hicho zaidi ya miaka 20, wala si kwa sababu ya busu, bali kwa sababu ya ukatili uliomo. Twakubaliana nao kwa sehemu. Sisi wa nchi ya Beni, ambako tangu Oktoba 2014 watu wameuawa vijijini na mashambani, hatuhitaji kufundishwa na televisheni jinsi mwenye nguvu awezavyo kumchezea asiye nayo. Hata hivyo twasikitika kidogo kwamba Waingereza walikosa kumwona Alexander muda wote huo. Huyu ni mfupi sana wa kimo, mtumishi wa wale wenye kiburi, wa pekee kati yao asiye na nguvu ya ajabu, na wote humcheka. Msitu wa Waambuti hauko mbali nasi. Twajua mtu huchekwaje kwa ajili ya kimo chake. Kirk na wenzake wanapoigundua siri ya nguvu ile, wanamwambia Alexander ya kuwa naye aweza kuipata. Anakataa. Hataki kuwa kama wale waliomtesa. Ataka tu kuondoka pale. Nasi twamwona huyu kuwa mkubwa kuliko wote katika hadithi, ijapokuwa barua zote zilikwenda kwa Uhura na nahodha.

Mwezi ule wa Novemba 1968 Mae Jemison, msichana mweusi aliyezaliwa Alabama na kulelewa Chicago, alikuwa na miaka 12. Alikuwa amempenda Uhura tangu utotoni. Akasoma, akawa daktari, akafanya kazi Liberia na Sierra Leone, akajifunza na Kiswahili. Tarehe 12 Septemba 1992 akapaa katika chombo Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Na huko juu, kila alipoanza zamu yake, aliwaita wenzake wa Houston kwa maneno yale yale ya Uhura ya kufungua mawasiliano.