Herufi za Kibati na Alama za Magunia

Somo la leo ni habari za herufi zile zinazopigwa kwa rangi juu ya magunia, makasha na mapipa. Kila moja huonekana imekatika mahali, hata mtu akadhani aliyeiandika aliishiwa rangi. Hakuishiwa. Mkato ule una kazi yake.

Twaa karatasi ngumu, uchore herufi O nene, kisha uikate. Kipande cha katikati kitaanguka. Ukipiga rangi hapo hupati O, wapata doa la duara tu. Kwa hiyo mkata chapa huacha vijidaraja viwili, kimoja juu na kimoja chini, vilishike tumbo la herufi. Herufi kubwa zenye tumbo ni A, B, D, O, P, Q na R. Na tarakimu ni 0, 4, 6, 8 na 9. Neno MPANDA linazo nne. Hesabuni wenyewe neno INYONGA.

Basi vijidaraja visiwekwe ovyo. Tuseme ushirika unapokea mpunga, na namba yako ni 38. Ukiweka madaraja mapana upande wa kushoto wa 8, karani atasoma 33, na fedha za gunia lako zitaandikwa kwa mwenye 33. Mtabishana hata jua lichwe, na gunia halisemi. Na likiisha kupakiwa kwenye behewa kwenda Kaliua, linapita mikononi mwa watu wasiokujua kabisa. Kwa hiyo madaraja ya 8 yapite wima katikati, tangu juu hadi chini.

Wako waliozifanya herufi hizi kuwa elimu. Mwaka 1926 Josef Albers, mwalimu wa shule ya Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani, alionyesha herufi alizozijenga kwa maumbo matatu tu: mraba, pembetatu na robo ya duara. Maumbo yalisimama mbalimbali, jicho likayaunganisha lenyewe. Alizikusudia kwa mabango ya kusomwa kwa mbali. Mwaka 1929 ikatoka Futura Black ya Paul Renner, ya jamaa hiyo hiyo. Kitabu kizima cha herufi hizo mimi nisingekimaliza, macho yangechoka. Lakini kwa neno moja ukutani au juu ya gunia, ni nzuri mno.

Faida yake kwetu ni kwamba hazihitaji fundi wa kuchora. Rula na bikari vyatosha. Asiye na bikari azungushe penseli kwenye mdomo wa kopo. Herufi ya urefu wa sentimita 10 iachiwe daraja la nusu sentimita hivi. Likiwa jembamba kuliko hapo, karatasi hupasuka upesi. Kibati hudumu zaidi.

Wakati wa kupiga chapa, chovya brashi kidogo, uipanguse, kisha ugonge-gonge; usiburute, maana rangi itapenya chini ya kibati. Futa kibati kila baada ya magunia machache, na gunia lililopigwa chapa lisipangiwe jingine juu kabla rangi haijakauka.