Kigango ni Mali ya Nani?

Wamijikenda, ambao makazi yao yanajumuisha Likoni, Kisauni na Changamwe na kuenea hadi Kwale na Kilifi, wana njia mbalimbali za kuwaenzi wafu wao. Miongoni mwa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu akifariki husimikiwa kigango, yaani nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kichwa cha mviringo na kutiwa nakshi za pembetatu. Aghalabu husimikwa baada ya marehemu kumtokea jamaa yake ndotoni.

Kwa mujibu wa itikadi hiyo, kigango hakiuzwi wala hakihamishwi. Hata ukoo ukihama, chenyewe husalia palepale. Wafanyabiashara walilitafsiri jambo hili vingine: walidai kwamba nguzo zilizobaki mahameni hazina mwenyewe. Hivyo vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa wachuuzi wa sanaa, vikafika Marekani kwa wakusanyaji binafsi, ambao baadaye walivitoa kama hiba kwa makumbusho. Kila aliyekipokea kigango alikuwa na hati, isipokuwa ukoo ulioibiwa.

Mnamo 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirejeshwa kwa ukoo huo mwaka 2007.

Marejesho mengine yalifuata. Makumbusho ya Denver, yaliyopokea vigango 30 mwaka 1990, yaliviachilia mwaka 2019, na Makumbusho ya Jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023. Ikumbukwe kwamba sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu urejeshaji wa mabaki matakatifu inawahusu wenyeji wa nchi hiyo pekee. Kwa hiyo marejesho haya yalitegemea hiari.

Hata hivyo, kurudi Kenya si kurudi nyumbani. Kigango kisichojulikana kilikong'olewa boma gani hakina pa kusimikwa tena. Vile viwili vilifika kwao kwa sababu ya picha moja tu. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Vigango vilivyosalia mabomani vinahitaji daftari hilo kabla ya mwizi kufika.