Kichwa kimoja, tela tatu

Kutoka geti la bandari ya Malindi, Unguja, hadi Nungwi ni kilomita zisizofika 60. Paje ni kama 50, na Fumba haifiki hata 25. Dereva wa Dar es Salaam aliyezoea njia ya Tunduma, kilomita zaidi ya 900 kabla hajauona mpaka wa Zambia, akiletwa Unguja ataona kama anatumwa kutoka jikoni kwenda uani. Kwa hiyo mwenye mtaji anayetaka kuingia kwenye biashara ya kubeba makontena kisiwani, akichagua gari kwa hesabu za bara, atajikuta na chuma kizuri kinacholala foleni.

Bara semi inalipwa kwa umbali. Unguja hakuna umbali wa kuuza, kinachouzwa ni idadi ya safari kwa siku. Na safari za siku huliwa na kusubiri: kusubiri meli iliyotia nanga nje kwa kukosa nafasi gatini, kusubiri karatasi za forodha, kusubiri winchi. Kusubiri kubaya kuliko kote ni kule kwa mwisho, mzigo ukishafika.

Chukua kontena la futi 20 la marumaru linalokwenda kwenye hoteli inayojengwa Jambiani. Mzigo ni tani 25 au zaidi, na kontena lenyewe tupu lina tani mbili na ushei. Kwenye kiwanja hakuna winchi ya kuliteremsha, basi mlango unafunguliwa na vijana wanashusha boksi moja moja kwa mabega, jua likiwa utosini. Nusu siku imekwenda. Kama ni lori la kipande kimoja, injini, dereva na utingo wote wamekaa chini ya mnazi wakihesabu maboksi, na mwenye gari anawalipa kuhesabu.

Hapa ndipo semi inapojilipia, wala si kwa nguvu zake. Nyuma ya kichwa cha semi kuna sahani ya chuma yenye mdomo. Pini iliyo chini ya tela, unene wake milimita 50 kwa gari nyingi, inaingia kwenye mdomo huo na kufungwa. Sehemu kubwa ya uzito wa mbele wa tela inakaa juu ya magurudumu ya kichwa, si kuvutwa kwa nyuma tu. Lakini kwa mfanyabiashara wa Unguja faida kubwa ni kwamba ndoa hiyo inavunjika upesi: shusha miguu ya tela, chomoa mipira ya upepo na waya wa taa, fungua kufuli, ondoka. Tela inabaki Jambiani na vijana wake, kichwa kinarudi mjini kuchukua nyingine. Mwenye kichwa kimoja na tela tatu ana biashara. Mwenye vichwa vitatu na tela tatu ana madeni ya tairi. Kichwa cha difu mbili kina tairi 10, tela ya ekseli tatu ina 12 nyingine, na tairi haijui kama gari inatembea au imesimama juani.

Mpango huo una masharti, na wengi huyagundua wameshalipa. Miguu ya tela inataka ardhi ngumu. Upande wa mashariki kwenye maweni haina shida, ila kwenye mchanga wa pwani, au kwenye udongo wa Kaskazini B wakati wa masika, tela yenye tani 27 huzama miguu na kukataa kurudi juu. Mbao nene za kuweka chini ya miguu ni bei ndogo kuliko kukodi kijiko. Pia lazima pawe na nafasi ya kugeuza. Njia za ndani za Matemwe na Michamvi zilichorwa kwa gari za ng'ombe na daladala, na kontena la futi 40 likikosea kona huko linafunga kijiji.

Kuhusu aina ya kichwa, maoni yangu ni mafupi. Kisiwa ni tambarare kwa sehemu kubwa, hakuna mlima kama Kitonga hapa. Kwa kazi ya lami, difu moja inatosha na inageuka kirahisi. Difu mbili ni ya anayeingia viwanja vya ujenzi. Injini kubwa ni sifa ya kijiweni. Kwa gari iliyotumika, kagua kwanza chesisi kwa ajili ya kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma, kisha mdomo wa sahani kama umelika, kisha breki za tela.

Kazi ya kichwa-na-tela imepata nguvu mpya tangu Septemba 2023, kampuni ya Africa Global Logistics ilipoanza kuendesha bandari ya Malindi na makontena yakawa yanahamishiwa bandari kavu ya Fumba. Hiyo ni kazi ya kwenda na kurudi kwenye lami, yenye mashine za kupakia huku na kule, na hapo lori la kipande kimoja halina la kusema. Bandari ya Malindi yenyewe imebanwa na mji tangu izaliwe.

Nje ya njia ya Malindi–Fumba, mfalme ni Canter. Inabeba tani tatu au nne, ina tairi sita, inasimama Darajani, na mzigo wa Mji Mkongwe unaendelea kwa mkokoteni kwenye vichochoro ambako gari haipiti.

Kuna pia wenye hoteli na vituo vya kuzamia wanaouliza, kwa ajili ya kuvuta boti zao, habari za pikapu nzito za Marekani, zile zenye sahani kwenye bodi, za kuvuta zaidi ya tani 10. Nasema wasinunue. Usukani uko kushoto na sisi tunaendesha kushoto, yenye tairi pacha nyuma ina upana wa kama mita 2.4, na spea hazipo Kariakoo. Wengine wanafikiria kufunga sahani hiyo kwenye Hilux. Tela ya kufungwa kwenye sahani huegemeza karibu moja ya tano ya uzito wake kwenye bodi; ikiwa na tani sita, bodi inapokea tani moja na ziada, na Hilux imeshafika mwisho kabla dereva hajapanda. Kwa boti ya faiba ya tani mbili, Hilux na tela ya kawaida yenye breki zake zinatosha. Fedha iliyobaki inunue bearingi, kwa sababu tela inayoingizwa baharini kila siku huzimaliza haraka.

Swali kubwa zaidi la mwenye vichwa ni Mangapwani, ambako Serikali inapanga bandari kubwa mpya. Makontena yakihamia huko, safari yenye faida haitakuwa tena Malindi–Fumba. Anayetafuta leo uwanja wa kulaza tela upande wa Bububu na Mahonda anaujua mchezo huo, na bei za viwanja huko hazitamsubiri.